Glavu ya Mkono wa Kulia

6 Januari

Mdogo wangu,

Nimekukosea. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, halafu nitakuandikia "nafasi haitoshi, tutaonana."

Haya, sasa salamu. Huku hatujambo. Shemeji yako hajambo, magoti tu yanamsumbua akipanda ngazi, na lifti ya jengo letu imekufa tangu mwezi wa kumi. Dada yetu kahamia mtaa wa pili, kwa hiyo siku hizi anakuja kunisema kwa miguu badala ya kwa simu. Anakusalimu sana, anasema ukirudi kutoka huko mwezini usimletee jiwe, mawe anayo ya kutosha kwenye figo. Cherehani ya mama bado ipo chini ya dirisha la jikoni. Naitia mafuta kila mwisho wa mwezi ingawa hakuna anayeitumia.

Kosa langu ni lile la getini. Siku unaondoka, mama yuko ndani kitandani, anatuita sote wawili, mimi nikakwambia, "Nenda, na usirudi." Ulikuwa na begi begani. Ulifunga geti taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mama alipofariki miezi minne baadaye ulituma rambirambi kwa redio ya kazi, maneno kumi na mawili, ndicho kiwango wanachoruhusu. Mimi nikayaona machache, nikanuna upya. Mkubwa mzima, miaka arobaini na tisa, nimenuna mwaka na miezi miwili bila kukuandikia.

Mwezi wa tisa kampuni ilituletea kadi iliyochapwa: "Ndugu yenu amepata jeraha dogo la mkono akiwa kazini nje ya Kituo. Anaendelea vizuri." Jeraha dogo ndiyo jeraha gani? Mkono upi? Niliuliza ofisini, nikajibiwa kwamba afya ya mfanyakazi ni siri ya mfanyakazi. Basi nakuuliza mwenye siri.

Kazini ni kule kule. Meza ishirini na nne, taa nyeupe, sote tumevaa kofia za nywele kama wapishi, tunashona mavazi yenu ya nje. Bi Kastabini kahamishwa. Unamkumbuka, yule mama niliyekuwa nakuhadithia, anakula chakula cha mchana na kastabini yake ya kusukumia sindano kidoleni, haivui. Wamempeleka stoo ya nyuma kushona mifuko ya vumbi. Meza yake hapa ubavuni mwangu iko tupu.

Chombo cha mizigo kinapanda tarehe kumi. Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Kaka yako


21 Januari

Kaka, shikamoo.

Barua imefika, imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Kweli fundi ni fundi.

Shemeji mpe pole ya magoti. Mwambie huku angepanda ngazi sita kwa mruko mmoja, uzito wote wa mtu unabaki sehemu moja kati ya sita. Dada mwambie jiwe simletei, lakini na yeye asiniletee maneno nikirudi.

Mimi sijambo. Mkono unaendelea. Mwandiko usikushangaze, huku kalamu zinaelea elea, mtu anazoea vibaya. Zamani nilikuwa naunga mabomba nje, sasa wamenipumzisha, niko ndani naangalia geji za pampu. Ukutani kuna geji thelathini na moja, na kazi yangu ni kuziangalia zisifanye kitu. Nalala chumba kimoja na fundi wa betri, mtu mzima kuliko wewe, anakoroma kama wewe. Usiku wa kwanza nilidhani umenifuata.

Hilo la getini nimelisoma. Ni kosa kweli, silikatai. Ila kaka, umeandika "nimekukosea" kama mtu anayeshusha gunia kutoka kwenye lori, halafu nikafungua gunia nikakuta kilo mbili. Nimelitikisa tena, nikahisi kuna kitu kimebaki chini. Labda ni mimi tu, huku mtu anakuwa na muda mwingi wa kutikisa magunia.

Hebu nisaidie jambo moja linanikera, wewe ndiye fundi wa familia. Mshono unaweza kufunguka wenyewe, kwenye mstari ulionyooka kabisa, bila kitambaa kuchanika hata kidogo? Nauliza tu. Kuuliza si ujinga.

Mdogo wako


18 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Salamu zako nimezifikisha. Dada kacheka, halafu akasema ana maneno ameshayapanga, anakungoja. Lifti imepona kwa siku tatu, ikafa tena na mtu ndani. Shemeji yako anasema magoti yake angalau hayajawahi kumfungia kati ya ghorofa.

Umeniuliza mshono. Ni swali zuri na lina majibu mengi. Kwanza kuna uzi wenyewe. Uzi ukikaa stoo muda mrefu unakauka, ukikauka unakatika. Pili kuna baridi. Kitu chochote kikipigwa na baridi kali halafu joto, halafu baridi, kinachoka. Tatu ni vumbi la huko kwenu, nasikia lina ncha kali kama chupa iliyosagwa, na glavu ikishaingia vumbi kwenye matundu ya sindano, vumbi linakula uzi polepole kama panya. Nne ni mvutano wa bobini. Mvutano ukizidi, uzi wa chini unalala bila kushika. Kwa hiyo ni mambo mengi, si rahisi mtu kusema ni hili au lile.

Sasa na mimi niulize. Umesema kalamu zinaelea. Kabla hujaondoka ulikaa mezani kwetu ukatueleza kwamba mwezini vitu havielei, vinaanguka ila polepole, na ukamdondoshea mama leso kumwonyesha. Nani anakuandikia barua? Au unaandika kwa mkono gani?

Kaka yako


4 Machi

Kaka, shikamoo.

Fundi wa betri nilimsomea maelezo yako ya uzi. Akasema, "Huyu ndugu yako ni muuza duka?" Nikamwambia hapana, ni fundi. Akasema, "Fundi akiulizwa anajibu jambo moja. Muuza duka ndiye anakutajia yote manne uchague."

Mimi naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado unapumzika.

Kaka, mimi niliandika "mshono". Glavu umeitaja wewe. Kadi ya kampuni ilisema mkono, haikusema glavu. Nimeisoma barua yangu kichwani mara nyingi nione kama nilikosea, na sikukosea.

Ila sawa, tuseme mnasikia mambo kiwandani. Ndiyo, ni glavu. Niliomba nibaki nayo na wamenipa. Tabibu aliona ajabu, lakini mimi tangu utoto kitu kikiharibika lazima nijue kimeharibika wapi, na wewe unajua, wewe ndiye uliyepigwa kwa ajili ya saa ya baba niliyoifungua mimi. Nimejaribu sababu zako moja moja. Tuna mtaalamu wa mawe hapa, mama mmoja mkimya sana, ana lenzi zinazoonyesha chembe ya vumbi kama kiti. Tumeiweka glavu chini ya lenzi. Uzi haujaliwa na vumbi. Nikachukua kipande cha uzi ule ule nikakitundika kwenye mlango wa baridi siku tisa, nikakivuta, hakijakatika. Uzi ni mzima.

Halafu yule mama wa mawe akaniuliza swali la kitoto. Akasema, "Mbona nyingine zina mistari miwili?" Tukatoa glavu za wenzangu wote, kumi na nne. Pale chini ya vidole, ambapo kiganja kinakunja, kila glavu ina mistari miwili ya mshono kwenye kitambaa kigumu. Yangu ina mmoja. Na siyo kwamba wa pili ulitoka. Hakuna hata tundu la sindano. Haukuwahi kushonwa.

Kwenye pindo la kifundo kuna alama ya fundi, duara lenye nukta katikati. Mkaguzi wenu aliwaambia wakubwa wa hapa kwamba fundi aliyehusika ameshaondolewa mezani. Ni nani huyo mwenye duara? Ni mzembe? Nataka kumjua tu. Sina nia ya kumdhuru.

Mdogo wako


12 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Chombo cha mwezi wa nne kimepanda bila barua yangu. Ningekwambia nilikuwa na homa, na shemeji yako angekubali kunishuhudia, lakini sikuwa na homa. Niliandika barua nne, nikazichana. Kapu la karatasi linajua mambo yangu kuliko wewe.

Huku hatujambo. Dada kapata kazi kwenye maktaba ya shule, anarudi nyumbani kimya kwa sababu kutwa nzima amewanyamazisha wengine. Ukimya wake tumeuzoea, tumeupenda.

Mwenye duara lenye nukta ni Bi Kastabini. Na si mzembe. Miaka kumi na tisa mezani, glavu zake hazijawahi kurudishwa. Ana desturi ya kuvaa kila glavu aliyoimaliza, anafumba ngumi mara kumi, anainong'oneza kitu, ndipo anaipeleka. Nilimuuliza siku moja anainong'oneza nini. Akasema, "Naiambia jina la mtu simjui, lakini mikono yake naijua."

Wiki iliyopita nilikwenda stoo ya nyuma. Ni chumba kirefu, dirisha moja, marobota ya kitambaa cha kijivu mpaka darini. Alikuwa anashona mifuko ya kukusanyia vumbi, mishono minne tu, mfuko umekwisha, unachukua mwingine. Kastabini iko kidoleni.

Nikamwambia, "Habari za huku, Bi?"

"Za huku ni mifuko," akasema. "Haina vidole, haina malalamiko. Kaa."

Nikakaa juu ya robota. Akashona mfuko mzima, akakata uzi kwa meno, akaniangalia.

"Mdogo wako anaendeleaje?"

"Anasema anaendelea."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

"Naona," akasema. "Kuwepo upo. Umekuja kufanya nini fundi, kunisaidia mifuko au kuniangalia?"

Nikamsaidia mifuko. Tulishona mpaka kengele ya mchana. Nilipoinuka akaniambia mchana mwema, kama anavyoniambia kila siku nikipita, na kila siku maneno hayo mawili nayabeba mpaka nyumbani.

Kuna jambo sijakwambia. Nipe chombo kimoja kingine.

Wakati huo naomba kitu. Nataka kukushonea glavu mpya, ya kipimo chako hasa, siyo ya namba. Laza mkono wako wa kulia kwenye karatasi, uchore kuuzunguka kwa penseli kama tulivyokuwa tukifanya kwenye sakafu ya jikoni, unitumie.

Kaka yako


29 Mei

Kaka, shikamoo.

Mchoro uko ndani ya bahasha. Kalamu niliishika mwenyewe kwa kushoto, fundi wa betri alinishikia karatasi. Uangalie kwanza ndipo usome.

Umeshauangalia.

Gumba, shahada, cha kati. Basi. Cha pete na cha mwisho vilikufa siku ile ile, tabibu akavitoa siku ya pili. Sikutaka mjue. Dada angelia, shemeji angeanza kunifungia vifurushi, na wewe sikujua ungefanya nini, ndiyo maana nikaandika upuuzi wa kalamu zinazoelea.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nakaza nati ya bomba, nimefumba ngumi. Nikasikia kitu kinasogea ndani ya glavu, kama mtu anakushika mkono kwa upole. Ule mpira wa ndani unaoshika hewa ulikuwa unachungulia nje kupitia mshono, umefura kama puto. Nikawa nautazama. Kaka, nisikufiche, kwanza nilishangaa tu, ulikuwa mzuri, unang'aa. Halafu ukapasuka. Nikavuta mkanda wa kifundo kama tulivyofundishwa, mkono ukajitenga na hewa ya mwili, nikatembea dakika tisa hadi mlangoni. Dakika tisa ni nyingi. Niliwaza mambo mengi, na wewe ulikuwemo.

Sasa nikwambie na mimi nilichokificha. Nimejua tangu mwezi wa kumi, kabla hujaniandikia barua ya kwanza.

Siku ile ile nilipopewa glavu niliipindua ndani nje. Mwisho wa mshono kuna mapigo matatu ya kurudi nyuma, halafu fundo limelala upande wa kushoto. Nani mwingine duniani anamaliza hivyo? Mama alitufundisha pamoja, kwenye cherehani ile ile, mimi nikaacha na wewe ukaendelea. Glavu nyingine zote kumi na nne zinamaliza kwa kuvusha uzi juu ya uzi, hakuna hata moja yenye fundo la kushoto. Sijali alama gani imepigwa kwenye pindo. Mkono ni wako.

Nilikuuliza uzi, nikakuuliza mwenye duara, kwa sababu nilitaka uniambie mwenyewe. Kila barua nilikupa nafasi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha mpaka kuna mama wa watu anashona mifuko.

Hasira nilikuwa nayo, imepungua, sijui imekwenda wapi. Kilichobaki ni swali moja, na kwa hilo ndiyo siwezi kusaini mkataba wa kurudi nyumbani mwezi wa nane. Karatasi iko mezani kwangu, fundi wa betri ananiuliza kila siku, nahamisha mada. Kaka, uliniambia nisirudi. Halafu ukashona glavu yangu kwa mstari mmoja. Fundi wa miaka ishirini na tatu hasahau mstari. Sisemi ulikusudia. Sitaki hata kuliandika. Lakini nimeligeuza kila upande na lenzi ya yule mama haifiki huko.

Kwa nini mstari mmoja?

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Mchoro wako nimeulaza mezani jikoni. Nimeweka mkono wangu juu yake. Shemeji yako aliingia, akaona, akarudi nje. Baadaye aliniletea maji.

Nakujibu.

Kiwandani tuna sheria moja ya zamani, hata haijaandikwa: ndugu hashonei ndugu. Mwalimu aliyetufundisha alisema mkono wa ndugu hauna kipimo, unazidisha au unapunguza. Kwa hiyo oda zikija na majina ya watu wetu, msimamizi anazigawa kwa wengine. Glavu zako, jozi, zilikwenda kwa Bi Kastabini. Alama inapigwa kwenye kitambaa kabla hakijashonwa, wakati wa kugawa kazi, ndiyo maana duara lake lilikuwepo tayari.

Nilimwendea nikamwambia, "Nipe ya kulia ya mdogo wangu, mimi nichukue moja yako, wewe uchukue moja yangu."

Akasema, "Fundi, unajua sheria."

Nikamwambia, "Naujua mkono wake. Glavu ngumu zinamuumiza. Tangu mtoto alikuwa analia akivalishwa viatu vipya."

Akaniangalia sana. Akasema, "Mlipatana?"

Nikasema, "Ndiyo kwanza nataka tupatane."

Akanipa. Akasema tu, "Usinitie matatani."

Sasa sikiliza. Ile mistari miwili pale kiganjani inafanya glavu iwe ngumu kama ubao. Kila mtu wa nje analalamika, jioni vidole vimevimba, kucha zimekuwa nyeusi. Nilijua na wewe utalalamika, na hutamwambia mtu. Nikasema nitaiacha iwe laini. Nikatumia sindano nyembamba, nikasogeza mapigo karibu karibu, nikashona mstari mmoja, wa pili hakuna, nikajiambia mkono wangu mmoja unatosha mistari miwili ya wengine. Hiyo ni kiburi, mdogo wangu. Sikuihesabu kuwa kiburi, niliihesabu kuwa mapenzi. Niliifumba mara mia. Ilikunja kama mkono mtupu. Nilifurahi sana siku ile, nilikwenda nyumbani nikiimba.

Ikapimwa. Tunazijaza hewa, tunazizamisha kwenye beseni la maji saa nzima, tunaangalia mapovu. Haikutoa hata povu. Kwenye beseni glavu inakaa tu, haikazi nati.

Sikujua kuomba msamaha kwa mdomo. Maneno ya getini yalinitoka mara moja, kuyarudisha nikashindwa. Nikataka uzi uniombee. Nilifikiri siku moja, huko juu, utafumba ngumi, utaona haikubani kama ya wenzako, utajiuliza nani amekuonea huruma. Hilo tu ndilo nililotaka ujiulize.

Kwa hiyo jibu ni hilo. Nilitaka urudi. Nilikuwa nakushonea kurudi kwako, na kwa ujinga wangu nikapunguza mstari uliokuwa unakulinda. Huna sababu ya kuniamini, lakini swali lako ni moja na jibu ni moja. Sina manne.

Sasa ubaya uliobaki, ambao haukuwa ujinga. Mkaguzi alikuja mwezi wa tisa na picha ya pindo la glavu. Akasimama kati ya meza yangu na ya Bi Kastabini. Akamuuliza, "Alama hii ni yako?" Bi Kastabini akaitazama picha, akanitazama mimi. Niliinama nikajifanya natoa bobini. Nikamsikia anasema, "Alama ni yangu." Hakusema kazi ni yake. Alisema alama. Aliniachia mlango wazi nipite, na mimi nikaendelea kutoa bobini. Wakachukua muhuri wake papo hapo, wakaufuta kwa tupa mbele yetu. Sauti ile ya tupa naisikia kila nikiwasha cherehani.

Niliogopa kazi, niliogopa dada ajue, niliogopa wewe ujue. Nilijipa sababu kila asubuhi. Kwamba yeye amebakiza miaka michache tu, kwamba mifuko si kazi mbaya, kwamba kusema hakutarudisha vidole. Ukubwa ni jaa, wanasema, kila taka inatupwa kwako. Mimi nilikuwa mkubwa nikamtupia taka mwenzangu.

Jana nilirudi stoo. Sikukaa juu ya robota, nilisimama. Nikamwambia, "Bi, nitakwenda kwa mkaguzi."

Akaendelea kushona. "Mdogo wako amekwambia?"

"Amejua tangu mwanzo. Ameuona mshono."

"Ni fundi basi."

"Aliacha."

"Wanaacha wale wanaojua," akasema. Halafu akaweka mfuko chini, mara ya kwanza nimemwona anaweka kazi chini kabla haijaisha. "Utasema nini huko?"

"Nitasema niliomba tubadilishane, ukakataa kwanza, nikakubembeleza. Nitasema mshono wote ni wangu. Na nilinyamaza."

"Hapo pa kukataa kwanza usiongeze chumvi. Sikukataa sana. Nilikuona una huzuni nikakuhurumia, na hiyo nayo ni kosa, uiseme."

"Nitaisema."

"Na mimi nitakuwepo," akasema. "Nataka kuona unavyosema. Nimengoja miezi tisa, sitaki kuhadithiwa."

Glavu yako mpya sitaishona mimi. Nilikuahidi, lakini ahadi hiyo naivunja, maana sheria ile ni ya kweli na mimi ndiye ushahidi. Karatasi ya mkono wako nimempa Bi Kastabini. Ameikunja akaiweka kwenye mfuko wa koti. Amesema hajawahi kushona ya vidole vitatu, anataka kujua nafasi ya vile viwili aifanyie nini, iachwe tupu au ishonwe ifungwe, kwa sababu kitu kinachoning'inia kitanasa kwenye mabomba. Mjibu hilo, anakusubiri. Wakimrudishia muhuri ataishona na mistari yote miwili. Wasipomrudishia, amesema atakufundisha wewe ukirudi.

Mkataba wako sikuambii usaini. Hilo nililiharibu mwenyewe getini, sina mdomo wa kuliomba. Dada na shemeji nimewaambia yote leo, mezani, pamoja na vidole vyako, unisamehe kwa hilo. Dada alilia kama ulivyosema. Shemeji yako ameshaanza kifurushi.

Jumatatu ijayo, tarehe ishirini na tatu, saa mbili kamili asubuhi, kabla ya kengele ya zamu, nitasimama mbele ya meza ya mkaguzi na Bi Kastabini pembeni yangu. Maelezo nimeyaandika kurasa tatu, nakala mbili, jina langu na alama yangu chini ya kila ukurasa. Nitayasoma kwa sauti, halafu nitaomba nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Chombo kinapanda tarehe ishirini na saba. Bahasha hii nimeiacha wazi, haifungwi mpaka nakala hiyo iingie ndani yake. Ukiikosa humu, usiamini mstari wowote wa hapo juu.

Kaka yako